MBEGU YETU, MALI YA WENGINE



Kila siku tunasikia: inchi yetu ni tajiri, udongo mzuri, mvua iko, jua liko. Ni kweli. Lakini sisi tunauliza: basi sababu gani Kongo leo inanunua mafuta ya mawese ya kigeni?

Tuangalie Yangambi, kwa jirani zetu. Mwaka 1933 Wabeleji waliunda INEAC kuchunguza kilimo cha Kongo. Hatusifu ukoloni, wazee wetu walikatishwa ngazi kwa nguvu. Lakini pale Yangambi wachunguzi walioanisha mti wa ngazi wenye ganda nene na ule usio na ganda. Mtoto wao, tenera, ana ganda jembamba na mafuta mengi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen waliandika siri hiyo. Leo plantasio kubwa za ulimwengu zinapanda tenera.

Uzao wa miti ya Yangambi ulifika mpaka Malaysia, inchi isiyo na mti huu kwa asili. Serikali yao iliunda FELDA mwaka 1956, ikagawia maskini mashamba. Miaka ya 1970 ikapunguza kodi kwa mafuta yaliyosafishwa, ndiyo viwanda vikajengwa kwao. Leo Malaysia na Indonesia zinatoa zaidi ya 80 kwa mia ya mawese yote.

Na sisi? Tarehe 30 novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasio. Kutaka mali iwe ya wenyeji si vibaya. Ubaya ni huu: plantasio nyingi zilipewa wakubwa wasiojua kazi, na mwaka 1976 serikali ikarudi nyuma. Mti wa ngazi unazaa miaka zaidi ya 20. Nani atapanda, kama sheria inageuka kila miaka mitatu?

Wengine watasema: ni vita. Vita viliharibu, ndiyo. Lakini mashamba yalianza kufa mbele ya vita.

Kwa hiyo tunaomba serikali vitu vitatu: sheria inayodumu, pesa kwa wachunguzi wa Yangambi, na njia za kufikisha mazao sokoni. Na sisi wanafunzi tusicheke mwenzetu anayechagua kilimo. Udongo peke yake haushindi soko la ulimwengu. Kama hatubadilike, watoto wetu watanunua kwa bei kali mafuta ya mti uliotoka kwetu.