Dhana Iliyojificha Ndani ya Hoja

Katika maswali ya kupima uwezo wa kufikiri, watahiniwa wengi huchagua jibu wanalokubaliana nalo, na kuliacha lile ambalo hoja inalitegemea. Naona kosa hili ni kubwa kuliko alama zinazopotea, kwani anayelizoea darasani hulichukua mpaka sokoni, mkutanoni na kwenye kituo cha kupigia kura.

Chukua hoja hii, ambayo Mganda yeyote amewahi kuisikia kwa namna moja au nyingine: “Askari wa Idi Amin waliwatesa watu huku wakiwaamrisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo, Kiswahili hakifai kufundishwa shuleni.” Swali lauliza: hoja hii imejengwa juu ya dhana ipi?

A. Askari wote wa Amin walikijua Kiswahili vizuri.
B. Lugha iliyotumiwa na watenda maovu haiwezi kuwafaa raia wema.
C. Kiganda kina wasemaji wengi zaidi nchini.
D. Kiswahili ni kigumu kwa wanafunzi.

Kanusha kila jibu, kisha utazame kama hoja bado imesimama. Ukisema kwamba si askari wote waliokijua vizuri, hoja haitikisiki, wachache wanatosha. Jibu C linazungumzia jambo jingine. Jibu D ndilo mtego: linaelekea kwenye hitimisho lilelile, lakini kwa sababu mpya ambayo msemaji hakuitaja. Sasa kanusha B: lugha iliyotumiwa na watenda maovu yaweza kuwafaa raia wema. Papo hapo hoja inaanguka. Jibu ni B.

Je, dhana hiyo ni ya kweli? Historia inajibu. Mwaka 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Kampala na kuuangusha utawala wa Amin. Askari hao wa Tanzania nao walipeana amri kwa Kiswahili. Lugha moja ilikuwa kinywani mwa aliyeshambulia na mwa aliyekimbia. Haiwezekani iwe ndiyo chanzo cha ukatili.

Sisi wa Midia tuna sababu ya pekee ya kuichunguza dhana hii. Amin alihesabiwa kuwa mtu wa Koboko, na baada ya kuanguka kwake lawama ziliwaangukia wakazi wa Nile Magharibi kwa jumla. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, wakiwamo wakulima na watoto ambao hawakuwahi kushika bunduki. Waliobebeshwa hatia hiyo walihukumiwa kwa dhana ileile: kwamba hatia huhama kutoka kwa mtenda hadi kwa kila anayefanana naye. Anayeikubali dhana hiyo dhidi ya lugha hana namna ya kuikataa inapoelekezwa kwa jirani yake, au kwake mwenyewe.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Kuikataa dhana si kuyakanusha mateso. Waliyoyapata watu yalitokea, nao wanastahili kusikilizwa. Aidha, kuanguka kwa hoja hii hakuthibitishi kwamba Kiswahili kinafaa kufundishwa. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kukifanya somo la lazima unahitaji sababu zake wenyewe, kama vile biashara na ujirani wetu na Kongo, Kenya na Tanzania. Nazo zipimwe kwa mizani hiyohiyo, hata na sisi tunaokipenda Kiswahili.

Zoezi la wiki hii: wahenga walisema, “Samaki mmoja akioza, wote wameoza.” Andika dhana ambayo methali hii inaitegemea, uikanushe, kisha ueleze ni wapi methali inafaa na ni wapi inaweza kumdhulumu mtu.