POSHO SI MSHAHARA



Kuna neno linalopita siku hizi karakanani na maofisini, nalo ni hili: "Fulani amebahatika, tajiri amempeleka Ulaya." Nataka kulijibu neno hilo. Limekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo watu wanaibiwa saa zao, na baya zaidi ni kwamba sisi wenyewe ndio tunaolishika lisianguke.

Sikilizeni kwanza habari yenyewe. Mwezi wa Septemba 2024 kulikuwa na maonyesho makubwa ya mambo ya reli mjini Berlin, Ujerumani, yaitwayo InnoTrans. Yalianza mwaka 1996, na wanaokwenda huko ni wanunuzi na wauzaji wa vyombo vya reli kutoka kila upande wa dunia. Nje ya kumbi kuna njia za reli za urefu wa mita 3,500 hivi, na juu yake huegeshwa injini na mabehewa mapya ili watu wayapande na kuyakagua. Kwa fundi ni jambo zuri kuliona, silikatai. Kila kampuni hukodi kibanda chake, hukipamba, hualika wageni, huwapa kahawa na chakula, huwaonyesha mali yake. Na kila kibanda kinataka mikono ya kukibeba, kukijenga, kukifagia na kukisimamia. Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Mwajiri mmoja wa kazi za reli, ambaye simtaji, na wala msijisumbue kukisia, alimchukua mwenzetu mmoja, fundi wa breki, akamwambia kwamba atakwenda Berlin kusimamia kibanda. Mwenzetu alifurahi. Nani asingefurahi? Jumamosi aliingia zamu saa moja asubuhi kama kawaida, akatoka saa kumi. Saa mbili usiku alikuwa uwanja wa ndege na masanduku matatu ya vifaa, maana yeye ndiye aliyepewa kuyachunga na kuyajibia kwa watu wa forodha. Ndege iliondoka karibu na saa sita usiku. Ilimfikisha Amsterdam asubuhi, akangoja hapo, akapanda nyingine ya Berlin. Saa saba mchana, siku ya Jumapili, alikuwa ndani ya ukumbi akifunga skrubu za kibanda, na hakuachiliwa mpaka saa nne ya usiku. Hesabuni wenyewe. Tangu aingie zamu Nairobi hata aguse kitanda cha Berlin ni saa 40, ukiongeza ile saa moja wanayokuwa nyuma yetu majira hayo. Katika hizo alisinzia kidogo tu, magoti yamebanwa na kiti cha mbele.

Jumatatu, kujenga tena. Jumanne hadi Ijumaa maonyesho yenyewe, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, amesimama juu ya sakafu ngumu akiwaeleza wageni namna breki inavyoshika. Kibanda kikifungwa, wakubwa hualika wageni kwenye chakula cha usiku. Mwenzetu naye alitakiwa awepo, tena amevaa tai, lakini si kwa kula. Alitakiwa awapokee wageni mlangoni, agawe vitabu vya matangazo, awatafutie teksi wanapoondoka. Mara mbili alirudi kulala saa saba za usiku, maana wakubwa walilala karibu na maonyesho, na yeye alipangiwa nyumba ya wageni ya mbali, wawili katika chumba kimoja. Ijumaa usiku walibomoa kibanda. Jumamosi walifunga masanduku. Jumapili walisafiri usiku kucha. Jumatatu alfajiri alitua Nairobi, na kabla hajafungua sanduku lake nyapara akampigia simu: kuna upungufu wa watu, njoo. Adhuhuri alikuwa chini ya behewa akipima breki ambazo zitabeba watu.

Mwisho wa mwezi karatasi yake ya mshahara ilikuja. Ovataimu: sifuri. Siku ya mapumziko aliyolipwa au kurudishiwa: hakuna. Alipokwenda kuuliza akajibiwa, "Lakini ulipewa posho." Halafu karani akacheka na kusema kwamba wapo wengi ambao wangekwenda bure.

Basi tuanze na hilo la posho. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba na kwenye njia ya reli wakati wa mkoloni walilijua neno hili kuliko sisi. Posho ilikuwa unga. Mtu alipimiwa unga wake ili awe na nguvu ya kushika jembe na sururu, na mshahara wake, ingawa ulikuwa mdogo wa kutia aibu, ulihesabiwa mbali. Hata mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alijua kwamba unga si mshahara. Leo tajiri wa zama zetu anampa mtu fedha ya kununua mkate na soseji katika mji wa ghali, fedha ambayo huishia mdomoni mwake mle mle Berlin, halafu anamwambia kwamba hiyo ndiyo malipo ya saa zake. Je, kama angebaki Nairobi asingekula? Posho ni gharama ya kumweka mtu mahali ambapo tajiri anamtaka. Ni kama mafuta ya injini. Hakuna aliyewahi kumwambia dereva kwamba kwa kuwa injini imetiwa mafuta, yeye hana haki ya ujira.

Jibu la pili wanalopenda ni hili: "Ndani ya ndege hukufanya kazi, ulikaa tu." Sisi watu wa reli hatupaswi kudanganywa kwa neno kama hili. Treni ikisimamishwa Voi saa mbili ikingojea njia, nani aliwahi kumkata gadi saa hizo mbili kwa kuwa alikaa tu? Gadi hana ruhusa ya kwenda kwake, wala kwenda sokoni. Yuko mikononi mwa kazi. Shirika la Kazi Duniani liliyamaliza maneno haya tangu mwaka 1930, katika Mkataba wake namba 30 wa saa za kazi za maduka na ofisi, uliposema kwamba saa za kazi ni saa ambazo mtu yuko chini ya amri ya mwajiri wake. Huko Marekani sheria ya saa za watu wa treni inasema kwamba mfanyakazi anaposafirishwa kama abiria kwenda kuichukua treni mahali pengine, muda huo ni kazi. Hajagusa usukani bado, lakini ni kazi.

Na kama tajiri atasema kwamba hayo ni ya watu wa treni peke yao, nitamrudisha kule kule Ujerumani alikompeleka mtu wetu. Mwaka 2015 fundi mmoja wa kampuni ya ujenzi ya huko alitumwa kufanya kazi China kwa majuma kadhaa. Kampuni ilimlipa saa nane kwa kila siku ya safari, siku nne, basi. Yeye akasema safari ilichukua saa nyingi zaidi, akadai saa 37 zilizobaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani, ambayo iko mji wa Erfurt, na tarehe 17 Oktoba 2018 mahakama ikakata shauri: mtu akitumwa ng'ambo kwa muda, safari ya kwenda na ya kurudi ni kwa faida ya mwajiri, na ilipwe kama kazi. Tena mahakama haikumpendelea. Yule fundi mwenyewe aliomba kupitia Dubai katika viti vya bei kubwa, na mahakama ikasema atalipwa kwa muda uliokuwa wa lazima tu, yaani kwa kawaida muda wa ndege ya moja kwa moja ya viti vya kawaida. Mimi naipenda hukumu hiyo kwa ajili ya sehemu hii ya mwisho. Inaonyesha kwamba saa zinaweza kuhesabiwa kwa haki pande zote mbili. Wanaosema saa za safari hazihesabiki hawataki kuhesabu.

Kwa hiyo katika ukumbi ule wa Berlin, Mjerumani aliyetumwa na kampuni yake kazini ng'ambo anaweza kudai safari yake, na wa kwetu aliyesimama karibu naye, mguu umevimba kama wake, anaambiwa amepewa zawadi.

Wala sisi hapa hatuko bila sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mwenzetu alikwenda siku kumi mfululizo, Jumamosi hadi Jumatatu ya pili. Amri ya jumla ya mishahara inaweka juma la kazi la saa 52 katika siku sita, na saa zinazozidi zilipwe moja na nusu, na za siku ya mapumziko maradufu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sioni mahali palipoandikwa kwamba sheria hizi zinabaki kwenye lango la uwanja wa ndege mtu anapopiga muhuri pasi yake.

Sasa nageuka kwa wale watakaosema: hayo ni mambo yake huyo aliyesafiri, yananihusu nini mimi niliyebaki? Yanakuhusu kwa sababu yeye alirudi akashika breki za treni yako.

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988 treni ya abiria iliigonga nyingine kwa nyuma karibu na Clapham Junction, London. Watu 35 walikufa na karibu 500 waliumia. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Anthony Hidden uligundua kwamba fundi wa signali, alipokuwa akibadilisha waya, aliuacha waya wa zamani bila kuukata ncha wala kuufunga. Waya ukagusa mahali pake pa zamani, na taa ambayo ingekuwa nyekundu haikuwa nyekundu. Fundi huyo hakuwa mlevi wala mvivu. Katika majuma 13 alikuwa amepumzika siku moja tu. Mwaka 1991 British Rail ilitozwa faini ya pauni 250,000. Reli ya Uingereza ikawekewa mipaka: zamu isizidi saa 12, juma lisizidi saa 72, na kati ya zamu na zamu mtu apate saa 12. Mipaka hiyo ilinunuliwa kwa makaburi 35.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha utafiti wao kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe katika damu. Tajiri akimkuta fundi amekunywa chupa moja humfukuza siku hiyo hiyo. Akimkuta ametoka kwenye ndege ya usiku, humpa spana.

Nimeambiwa kwamba hata mameneja huchoka katika safari hizi. Naamini. Lakini meneja akirudi, hakuna anayempigia simu alfajiri, na asipoonekana ofisini siku mbili huwa "anashughulika nje."

Niseme na sisi kwa sisi pia. Mwenzetu aliporudi, tuliomjia na pole tulikuwa wachache. Wengi walimwita Mzungu, wakamwuliza zawadi ziko wapi. Wapo waliokwenda kwa nyapara kuomba majina yao yaandikwe kwa safari ijayo, na wakaapa kwamba wao hawatauliza habari ya saa. Hiyo ndiyo kamba yenyewe. Safari ikiitwa upendeleo, anayedai haki yake hawekwi tena katika orodha, na anayenyamaza ndiye anayepelekwa, na tajiri hupata watu wa saa 40 bila senti ya ovataimu. Mwaka 1947, katika mgomo mkubwa wa Mombasa, watu wa bandari na wa reli na watumishi wa majumbani walisimama pamoja, ingawa kazi zao hazikufanana hata kidogo. Sisi tunashindwa kusimama na fundi mmoja wa karakana yetu wenyewe?

Mapatano yetu na waajiri yanafunguliwa upya, na kifungu cha safari kilichomo ni cha posho peke yake. Twataka kiandikwe kwamba saa za kazi za anayetumwa zinaanza anaporipoti na mizigo ya tajiri na zinakwisha anapoikabidhi. Kwamba saa za karamu za usiku anazoamriwa kuhudhuria ni saa za kazi. Kwamba Jumapili iliyoliwa na safari irudishwe. Na kwamba hakuna atakayegusa breki, signali wala usukani kabla hajalala usiku mzima nyumbani kwake. Hili la mwisho lisiuzwe kwa fedha yoyote. Kama tajiri atatoa nyongeza ili tuliache, kamati ikatae.

Kila aliyesafiri kwa kazi ya mwajiri tangu 2022, ndani ya nchi au ng'ambo, alete kwa katibu wa tawi tikiti zake, karatasi ya mshahara ya mwezi huo, na saa zake alizoziandika kwa mkono, siku kwa siku. Jina halitatolewa nje ya kamati. Mwenzetu wa Berlin amekwisha leta zake.