Mboga Chukuchuku

Mwaka 1983 nilifika nyumbani Nanganga kwa likizo, nikiwa na wenzangu wawili wa chuo cha ualimu. Tulishuka njia panda, pale magari yanapoiacha barabara ya Masasi na kuelekea Ruangwa, jua likiwa utosini, vumbi hadi kwenye kope. Mama alikuwa jikoni. Mafigani palikuwa na chungu cha majani ya kunde, karanga zimekwisha kutwangwa, na katika bakuli alikuwa amekata embe mbichi na kitunguu, akatia chumvi na pilipili. Nilimvuta kando nikamwambia, "Mama, hawa ni wageni. Utawalisha majani?"

Hakunijibu. Alitoka uani akamkamata kuku. Tetea tuliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, naye alikuwa analalia. Nilijua, nikanyamaza. Tulikula wali kwa kuku, wenzangu wakasifu sana, na mayai 11 yakapoa ndani ya kikapu kibovu nyuma ya jiko.

Nimeanza na kisa hiki ili msomaji ajue kwamba nitakapowasema watu humu ndani, nimeanza na mwenyewe.

Sisi watu wa Kusini tuna neno moja la aibu, nalo ni "tu". Mtu ukimwuliza amekula nini, akiwa alikula nyama atasema nyama. Akila majani atasema, "Tumekula mboga tu." Hilo "tu" ndilo ninalogombana nalo. Ugali hausemewi "tu", ingawa ugali mtupu haushuki kooni. Mlima wa ugali unaojaza sinia hauna aibu yoyote. Kile kinachoushusha, na chenye karibu kila kitu ambacho ugali hauna, ndicho tunachokiombea radhi mbele ya wageni. Kachumbari nayo imekuwa pambo. Katika migahawa ya mjini utaletewa vipande vitatu vya nyanya na nyuzi mbili za kitunguu ubavuni mwa sahani, nawe utaviacha hapo hapo, kana kwamba viliwekwa kwa ajili ya picha.

Wanaume ndio wabaya zaidi. Nimesikia kwa masikio yangu mtu mzima, mwenye watoto saba, akitamba kilabuni kwamba mwanamume hali mlenda. Nyumbani kwake mlenda ulikuwa unapikwa siku nne kwa juma. Sasa yeye alikuwa anakula nini? Alikuwa anakula mishikaki njia panda, kwa fedha ya wale wanaokula mlenda.

Ngoja nikieleze chakula chenyewe, maana huenda wako watakaosoma haya ambao hawajakionja. Majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga. Huoshwa kwanza ndipo yakatwe, si kukatwa kisha kuoshwa, maana ukiyaosha baada ya kuyakata utamu unakwenda na maji. Hupikwa kwa maji kidogo, na maji hayo hayamwagwi. Karanga hutwangwa, hupepetwa, hutwangwa tena hadi ziwe unga, huvurugwa kwa maji kama uji mwepesi, kisha humiminwa chunguni, moto ukiwa umepunguzwa, upawa ukizunguka bila kusimama. Inaiva pale mafuta yanapoanza kuelea juu. Hapo ndipo mama alipokuwa akiipua, na hakuwahi kutazama saa.

Kisamvu kina kazi zaidi. Kisamvu kibichi kina sumu, na kinu na moto mrefu ndivyo vinavyoiondoa. Asiyekuwa na subira asikiguse. Kikishalainika hutiwa tui la nazi, au karanga, au korosho zilizotwangwa. Shemeji zangu wa Newala ni mafundi wa hicho cha korosho. Kule juu uwandani kwa Wamakonde maji ni shida tangu enzi, bustani ya kiangazi ni ndoto, lakini muhogo husimama na majani yake wakati kila kitu kingine kimekauka. Sisi wa bondeni, karibu na mto Lukuledi, tunaweza kumwagilia mchicha na matembele, na hatuna udhuru wanaoweza kuwa nao wao. Ajabu ni kwamba kisamvu bora nimekila Newala.

Kachumbari ya nyumbani haina masharti. Kitunguu husuguliwa kwa chumvi, hukamuliwa, huoshwa, nyanya au tango au embe mbichi, ndimu, pilipili kwa anayeitaka. Ndimu hiyo nyingine ikamuliwe juu ya mboga iliyo kwenye sahani, si chunguni, kwa sababu vitamini C yake inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika majani, na moto unaiharibu nguvu hiyo. Chai nayo hufanya kinyume chake. Mtu anayeteremshia mboga kwa kikombe cha chai ya rangi anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kuhusu magadi nitasema kidogo tu, nisije nikafukuzwa nyumbani: yanalainisha mlenda upesi, kweli, lakini yanaua vitamini. Kidogo kabisa, akina mama, au yaachwe.

Sasa nifikie kinachonikera hasa.

Miaka michache iliyopita mjukuu wa dada yangu alikuwa hakui. Ana miaka miwili, viganja vyeupe, mlegevu, hachezi na wenzake. Alipelekwa zahanati, muuguzi akamfunua kope, akamweka kwenye mizani, akasema damu ni kidogo na uzito hauendi. Akapimwa malaria, akapewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, na mama yake akaambiwa, "Mpe mboga za majani." Dada yangu aliposikia alicheka kicheko kibaya. "Kaka," aliniambia, "huyu mtoto kuna siku ambayo hakula majani?"

Alikuwa akisema kweli. Nilikwenda kutazama chungu. Yalikuwa matembele yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, basi. Mboga chukuchuku. Hakuna karanga, hakuna nazi, hakuna tone la mafuta, hakuna ndimu. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo; ukilijaza ugali na majani ya maji, limejaa, lakini mwili umebaki na njaa. Na hata ile vitamini A iliyomo katika majani mabichi kiasi hicho haichukuliwi vizuri na mwili pasipo mafuta ya kuisindikiza. Na katika chumba cha pili cha nyumba ile ile, juu ya magogo ili mchwa wasifike, kulikuwa na magunia mawili ya karanga yakimsubiri mnunuzi, na korosho zikisubiri kupelekwa ghalani.

Msomaji, tafadhali isome tena sentensi hiyo. Mtoto amekonda kwa kukosa mafuta katika nyumba iliyojaa karanga.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga, na Nachingwea, jirani zetu, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa nchini, pamoja na Kongwa na Urambo. Walifyeka misitu kwa matingatinga na kujenga reli. Kule kwao mafuta yalikuwa adimu baada ya vita, na karanga za Nachingwea zilikusudiwa meza zao. Mpango ulikufa mwaka 1951, reli ikang'olewa baadaye, lakini fikra ilibaki: kwamba kitu chenye mafuta kinachoota katika ardhi yetu kina mwenyewe, naye yuko ng'ambo. Korosho ikaingia katika fikra hiyo hiyo. Ufuta vile vile. Nyingi ya korosho zetu kwa miaka mingi zimesafirishwa na maganda yake kwenda India, na mtoto wa Masasi akibahatika kuonja korosho ni ile iliyovunjika.

Mwaka 2017 tulipata somo ambalo hatukulitaka. India iliweka mpaka wa kununua mbaazi kutoka nje, bei ikaporomoka, na nyumba nyingi huku kwetu zikabaki na mbaazi ambazo hazina wa kuzitazama. Ilikuwa hasara kubwa, sitaki kuipamba. Wako waliokuwa wamekopa wakitegemea zao hilo. Lakini mwaka ule tulikula mbaazi. Tulizila kwa karanga, kwa nazi, asubuhi kwa muhogo, jioni kwa ugali. Mbele ya nyumba yangu watoto walikuwa wakipita wakicheza mpira hadi giza. Halafu masoko yakatengemaa, na mbaazi zikarudi kwenye magunia.

Nimekwisha kuambiwa kwamba haya yanahitaji elimu kwa wananchi. Elimu gani? Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja ya Chakula ni Uhai. Nilikuwa mtoto wa shule, na nawakumbuka wazee wamekaa chini ya mwembe wakisikiliza redio, kiongozi wa kikundi ameshika kitabu. Waliyaelewa yote. Mama yangu hakuwa na cheti, lakini aliyajua majani ya kunde kuliko mimi niliyekuja na cheti nikamwaibisha. Miaka kadhaa nyuma niliitwa katika semina ya lishe, mjini. Mtoa mada alisema kwa ufasaha juu ya mboga za majani, tukaandika. Saa saba tukapewa chakula: wali, chipsi, kuku, soda. Mboga ilikuwapo, mchicha katika bakuli dogo mwisho wa meza, na bakuli lile lilirudi jikoni kama lilivyokuja. Nami nilipita nalo mkononi upawa, nikachota kuku. Niseme uongo?

Hali yenyewe si ya kuchekesha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ule wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuwa umekuta 34, kwa hiyo tunapanda, lakini kwa mwendo wa kobe. Zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu. Malaria imo, minyoo imo, sikatai. Lakini malaria haiuzi karanga.

Dada yangu alinibishia, na hoja yake ni nzito kuliko zote nilizosikia semina. "Kaka, sare ya shule hainunuliwi kwa mboga. Nikizila hizi, hao watoto watavaa nini?" Ni kweli. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na mafuta ya taa havikufutwa. Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu, kazi ya mwalimu mstaafu.

Vikombe viwili vya karanga kwa juma, vya robo lita kila kimoja. Mwaka una majuma 52. Hiyo ni lita 26. Debe ni lita 20 au pungufu kidogo. Kwa hiyo chungu cha nyumba nzima, mwaka mzima, kinadai debe moja na theluthi au moja na nusu, kutoka katika gunia la madebe sita, na yeye alikuwa na magunia mawili. Nikaongeza korosho zile zilizovunjika, ambazo mnunuzi hazitaki hata hivyo. Nikampelekea karatasi. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hesabu ni nzuri. Mpelekee shemeji yako, maana ndiye anayebeba magunia."

Hapo alinipiga. Mwanamke ndiye anayepanda karanga, anapalilia, anang'oa, anabangua, na siku ya kuuza baiskeli inaendeshwa na mwanamume. Yeye anabaki na chungu na agizo la muuguzi. Kisha sisi wenye baiskeli tunakaa kwenye mikutano na kusema akina mama waelimishwe. Nasema bila kumung'unya: katika vijiji vyetu mboga inakuwa chukuchuku kwa sababu ya baba. Serikali imekaa mbali na chungu kile. Baba amekaa hatua kumi.

Shemeji nilimwendea. Alisikiliza kwa heshima, akanikaribisha chakula, na chakula kilipoletwa kilikuwa kuku. "Mgeni hali majani, shemeji," alisema. Nilimwomba aniletee kile kilichokuwa kimepikwa kwa ajili ya watoto. Alidhani natania. Mwisho kililetwa, matembele yale yale ya maji, nami nikala mbele yake hadi chini, na yeye akiwa ameshika paja la kuku asijue aliweke wapi. Sijui kama aliielewa karatasi. Lakini msimu uliofuata aliacha debe moja. Debe moja si debe moja na nusu, na dada anasema linakwisha kabla ya masika. Mtoto anatembea vizuri sasa, anakimbiza kuku.

Nyumbani kwangu nimepanga debe mbili zisiguswe. Mke wangu ameziweka chini ya kitanda, upande wake, na kuzifunika kwa kanga. Nilimwuliza kama anaogopa panya. Akasema panya anawawekea mtego.