Safari ya Ulaya kwa Fungu Dogo

Safari ni jambo jema, na dini yetu haikumkataza mtu kutembea katika nchi na kuzuru jamaa zake. Lakini safari ina adabu zake, na mojawapo ni mtu kuujua mfuko wake kabla hajaijua njia.

Tumeletewa shauri na jamaa mmoja wa Mbagala. Kijana wao, aliyesoma chuoni kwetu, amealikwa na dada yake aliyeolewa Geneva, katika nchi ya Uswisi, akae naye wiki mbili. Uswisi ni miongoni mwa nchi zilizo ghali kupita zote za Ulaya. Wazee wana rai mbili: ama kuuza kiwanja chao cha Chamazi, ama kukopa kwa wale wakopeshaji ambao mikopo yao watu wa mitaani wameiita kausha damu. Tumeona vema kujibu hapa, kwani nyumba zenye shauri kama hili ni nyingi.

Ama mkopo huo, riba ni haramu, na hilo halina mjadala. Hata kwa hesabu ya dunia haufai, kwa kuwa kijana huyu haendi kuchuma. Viza ya matembezi si ruhusa ya kazi. Atarudi, na deni litakuwa limemtangulia mlangoni. Na kiwanja kilichopatikana kwa jasho la miaka hakiuzwi kwa matembezi ya siku kumi na nne.

Je, asiende? Hatusemi hivyo. Twasema aende kwa hesabu.

Kwanza, gharama za kabla ya safari. Uswisi imo katika nchi za Schengen, na tangu Juni 2024 ada ya viza hiyo kwa mtu mzima ni yuro 90, ukikataliwa hairudishwi. Hutakiwa pia bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Tena asiye na mwenyeji wa kumdhamini huulizwa fedha za kujikimu, kadiri ya faranga 100 za Uswisi kwa kila siku. Mwenye mwenyeji aweza kudhaminiwa, na hapo dada huenda akatakiwa kutia saini ya dhamana ya faranga 30,000. Vijana, iangalieni saini hiyo! Ndugu yake akiugua bila bima, au akikawia mpaka Serikali ikamrudisha kwa gharama yake, atakayedaiwa ni huyo dada. Basi kurudi kwa siku iliyoandikwa si hiari ya msafiri, ni amana.

Pili, matumizi ya huko. Aliye kwa dada yake ameepukana na kodi ya hoteli, iliyo mzigo mkubwa kuliko yote. Kinachobaki ni chakula na njia. Maji asinunue, kwa kuwa ya bomba ni safi nchi nzima. Mji wa Zurich peke yake una chemchemi za kujengwa zaidi ya 1,200. Mikahawani asiingie, anunue vitu dukani, apike. Liko duka liitwalo Migros, lililoanzishwa mwaka 1925 na Gottlieb Duttweiler kwa magari matano yaliyouza vitu sita tu: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Shabaha yake ilikuwa kumpunguzia bei mnunuzi. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura wakakataa maduka hayo makubwa yasiuze pombe, kama yalivyokuwa tangu zamani.

Nyama ni ghali mno, na ya halali huagizwa nje, kwa kuwa nchi hiyo tangu mwaka 1893 imekataza kuchinja mnyama bila kumpoteza fahamu kwanza. Basi mayai, samaki na maharage yatosha. Wala mama asimfungie kijana nyama ya kukaushwa au samli, kwani forodhani havipiti.

Ama kutazama, mengi hayana malipo. Ziwa, milima kwa mbali, na ule mrusho wa maji wa Geneva upandao mita 140, vyote vyaonekana kwa miguu. Uko na msikiti mkubwa wa Petit-Saconnex, uliofunguliwa mwaka 1978. Huko atapata Ijumaa na jamaa pia. Nyumbani kwa dada asisahau kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: aoshe vyombo, apike, alee watoto.

Tatu, zawadi. Hapa ndipo wengi huanguka. Kijana arudipo Ulaya, mtaa mzima humtazama mkoba, na wengi hukopa ili wasiaibike. Lawama hii ni yetu sisi tubakiao zaidi kuliko yake. Wazee waseme mapema, mbele ya jirani, kwamba mtoto anakwenda kumwona dada yake, na zawadi yetu ni arudi salama.

Rai yetu ni hii. Safari iahirishwe mwaka mmoja. Kijana aweke akiba kwa mshahara wake, wazee wachangie wawezacho, dada naye achangie tiketi akijaliwa. Kikitimia, aende; kisipotimia, dada na aje yeye, kwani kiwanja cha Chamazi kitakuwapo bado cha kumpokelea, na huenda kikawa na nyumba. Udugu huungwa kwa moyo na kwa salamu. Haukuamriwa kuungwa kwa deni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kiasi katika nyumba zetu na salama katika safari zetu. Amin.