Chuma king'aacho na matope ya Bura

Ukitaka kuujua udhaifu wa gari, lipeleke Bura wakati wa mvua. Ukiiacha barabara kuu ya Garissa na kuingia katika vijiji vya mpango wa unyunyizaji, tairi huzama katika udongo wa mfinyanzi unaonata kama ugali wa moto. Kandokando ya njia, matawi ya mathenge hukwaruza milango. Mti huo ulipandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wakulima wapate kuni. Leo umevamia mashamba na mifereji, na miiba yake haichagui kati ya tairi na unyayo wa mtoto.

Si ajabu basi kwamba wenye magari ya huko hutaka kuyavisha ngao: bati chini ya injini, vyuma vya ubavuni, na vyuma vizito mbele ya bampa. Ushauri unaosikika katika gereji nyingi ni mmoja: "Weka stenlesi, hutajuta." Je, ni kweli?

Swali hili si la matajiri peke yao. Pikapu iliyonunuliwa kwa ng'ombe waliouzwa ndiyo inayobeba maembe hadi sokoni, mama mjamzito hadi hospitali ya Hola, na wanafunzi hadi bweni. Familia ikitupa akiba yake katika chuma kisichofaa, hasara haiishii kwenye gari.

Siri iko hewani

Tuanze jikoni. Chukua kijiko na ukigeuze mgongo. Vijiko vingi vimepigwa chapa ya 18/8 au 18/10. Nambari ya kwanza ni kiasi cha kromiamu katika kila sehemu 100 za chuma hicho, na ya pili ni nikeli. Mnamo 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akagundua kwamba chuma chenye kromiamu ya kutosha hakishiki kutu kwa urahisi. Leo stenlesi ni chuma chenye kromiamu isiyopungua sehemu 10.5 katika 100.

Kromiamu hukutana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngao yenyewe. Mwiba wa mathenge ukiukwaruza, hujifunga upya bila msaada wa fundi, mradi hewa ipo. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hakina bahati hiyo. Rangi ikichubuka, kutu huanzia hapo na kutambaa chini kwa chini.

Yashike maneno hayo: mradi hewa ipo. Tope lililokwama kati ya bati na bodi kwa miezi huizuia hewa hiyo, na likiwa na chumvi huutafuna utando. Udongo wa Bura una chumvi na magadi katika tabaka za chini. Ukiteremka hadi Kipini, Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, chumvi imo hata katika upepo. Kwa hiyo stenlesi isiyooshwa nayo huoza, tena mahali usipopaona.

Ukienda dukani

Kwanza, uliza aina. Ile iitwayo 304 ndiyo ndugu ya kijiko chako cha 18/8, na inatosha kwa bara. Aina ya 316 imeongezwa molibdenamu, sehemu 2 hadi 3 katika 100, nayo huvumilia chumvi zaidi. Humfaa anayefanya kazi Kipini au Lamu. Aina ya 430 haina nikeli, bei yake ni nafuu, lakini huanza madoa ya kutu mapema.

Beba sumaku mfukoni. Ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Isiponata, usishangilie bado, kwani kuna aina ya 201 ambayo manganizi imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya nikeli, na sumaku haiwezi kuitenga na 304. Dai karatasi ya kiwandani. Muuzaji akikosa, lipa bei ya chuma usichokijua au nenda duka la pili.

Pili, usidhani kinachong'aa ni kigumu zaidi. Bati la 304 hupinda karibu sawa na chuma cha kawaida cha unene uleule. Kinacholinda sampu dhidi ya jiwe ni unene na umbo. Na unene una uzito wake. Bati zima la futi 8 kwa 4, lenye unene wa milimita 3, lina kilo 70 hivi, sawa na mtu mzima. Ukilifunga lote garini, umebeba abiria asiyelipa nauli wala kushuka kusukuma gari likikwama.

Tatu, tahadhari na ndoa ya vyuma viwili. Stenlesi na chuma cha kawaida vikigusana penye maji, hufanya kazi kama betri, na anayeliwa ni chuma cha kawaida. Ndiyo maana boliti za kawaida zilizofunga bati kubwa la stenlesi huisha upesi. Tumia boliti za stenlesi na uweke wasa za mpira katikati. Wenye Land Rover za zamani wawe waangalifu zaidi, kwa sababu bodi zake ni za alumini, nayo huliwa vilevile.

Nne, mfikirie fundi. Stenlesi hujikunja ikipata moto mwingi, na huhitaji rodi zake za kuchomelea. Fundi akitumia rodi za kawaida, kiungo kitashika kutu kabla ya mvua ya pili. Ukivunjikiwa mbali na mji, rodi hizo huenda zisipatikane.

Kipi kiende wapi

Kwa anayehesabu shilingi, shauri langu ni hili. Bati la chini ya injini liwe la chuma cha kawaida, nene na lililopakwa rangi. Mawe yatalikwaruza hata hivyo, na fundi yeyote atalitengeneza. Litobolewe matundu ya kumwagia tope, na lifungwe kwa boliti ili livuliwe na kuoshwa. Nyasi kavu zilizonaswa karibu na ekzosi zimewahi kuteketeza magari. Stenlesi iweke panapoguswa na miiba na kupigwa na hewa: kingo za milango, vyuma vya ubavuni, wavu wa rejeta na boliti zote.

Na vile vyuma vya mbele? Hapo, mzazi mwenzangu, tuulizane kwa makini. Bampa na boneti za magari ya kisasa zimeundwa zibonyee ili zipunguze kishindo. Chuma kigumu hakibonyei. Kishindo chote humwingia aliyegongwa, na kimo chake aghalabu ni sawa na kifua au kichwa cha mtoto. Umoja wa Ulaya uliviwekea vyuma hivyo masharti mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Katika njia za Bura, ambako watoto huchunga mbuzi kandokando, kupunguza mwendo kunalinda gari na mtoto kwa pamoja.

Mafuriko ya 1997 na yale ya 2023 yaliwahamisha watu wengi Tana River, na mengine yatakuja. Maji yakipungua, wa kwanza kupita ni mwenye gari zima. Kwa hiyo, kabla ya kununua chuma cha bei, nunua brashi na ndoo. Kila baada ya safari ya matope, vua bati, osha, kausha na uchungulie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari ni ghali kuliko wa nyumba ya udongo.

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama.