Mkulima hakuomba programu yako

Jamani, nimechoka kusikia kwamba ubunifu wa kilimo hapa Kenya unasukumwa na vijana wenye tarakilishi. Mimi ni mmoja wao, kwa hivyo niacheni niseme.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya bei za viazi. Mkulima anatuma arafa, anajibiwa bei ya gunia jijini Nairobi. Basi. Niliiingiza kwenye shindano, nikapata cheti, hundi na picha ya kushikana mikono. Halafu nikapanda matatu hadi Nyandarua kuwaonyesha wenyewe.

Mzee mmoja akaisoma arafa, akaniuliza, "Gunia gani, kijana wangu?"

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa wavu juu na kujazwa tena. Jedwali langu lilikuwa na safu ya bei, safu ya kilo halikuwa nayo. Bei niliyomtumia haikuwa ya kitu anachouza! Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini kanuni haina mizani, na lori ni la broka. Broka amefika na pesa taslimu, viazi vimeshachimbwa, wingu limetanda. Hata ukimtumia mzee arafa mia, atauza.

Waamuzi wa shindano hawakuuliza habari ya gunia. Wala mimi sikuuliza, maana niliwaandikia wao, si mzee. Wengi wetu tunasukumwa na hilo: fedha za wafadhili, na zikiisha seva inazimwa.

Sasa tazameni kilichobadilisha shamba kweli. Majaribio ya M-Pesa yalianza 2005 kwa ajili ya kulipa mikopo midogo, wala si kwa ajili ya mahindi. Ilipozinduliwa 2007, gharama ya kufikisha shilingi mia chache kijijini ilishuka, na mambo yaliyokuwa hayana hesabu yakaanza kuwa nayo. Kilimo Salama ya 2009 ni mfano. Kampuni ya bima haiwezi kutuma mkaguzi kwenye kila robo ekari, gharama yake ingezidi fidia. Wakaacha kukagua shamba, wakapima mvua kwenye vituo vya hali ya hewa. Mwenye duka la mbegu akasajili bima kwa simu yenye kamera, na fidia ikaja kwa M-Pesa. Msimbo wenyewe si wa ajabu hata kidogo. Kilichousukuma ni hofu ya ukame na bei ya kumfikia mtu mmoja.

Mtaniuliza kuhusu iCow, iliyoshinda Apps4Africa 2010. Naam, ilianza na kalenda ya mimba ya ng'ombe, na Su Kahumbu aliyeibuni alikuwa mkulima kabla ya hapo. Alijua ng'ombe asiposhika mimba kwa wakati, maziwa yanapotea na pesa pia. Sisi tunajua nini? Tunajua tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ya ruzuku.

Programu yangu niliifuta, cheti ningali nacho. Siku hizi nahangaika na mizani ya kuning'inia inayotuma uzito kwa arafa kwa mwenye viazi na mnunuzi kwa pamoja. Betri inanisumbua sana, haimalizi siku mbili. Mwenye ujuzi wa umeme mdogo anitafute.