Mbingu Kabla ya Reli

Mama aliyemruhusu mwanawe atwae chumba cha uani kwa magari ya moshi ya mfano atamwona ana pupa ya kutandika reli siku ile ile. Na amzuie. Meza ikishasimama na vilima vikishajengwa, ukuta wa nyuma haufikiki ila kwa kuikanyaga kazi yenyewe, na tone la rangi juu ya reli huzuia umeme usifike kwenye gari. Mbingu ipakwe kwanza.

Pembe za chumba ndizo ziumbuazo. Mbingu haina pembe. Basi kona hufunikwa kwa ubao mwembamba uliopindwa, jicho likapita bila kukwama. Buluu iwe nzito juu, ififie kadiri ishukavyo, na milima ya mbali ichorwe hafifu, kwani umbali hupauza kila kitu. Taa nazo zitungikwe kabla ya rangi kuchaguliwa: rangi ya juani si rangi ya taani. Kivuli cha mti kikiangukia mbingu, uongo wote umefichuka.

Udogo wa chumba si hoja. Huko Monterey, California, mpiga picha John Allen alificha vioo katika mandhari yake ili mahali padogo paonekane parefu. Hila, lakini hila njema. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi ile. Leo twaijua kwa picha alizoipiga mwenyewe.